Mita Mbili na Robo

Mwalimu alisema: anzeni na kuzaliwa.
Mimi sikumbuki kuzaliwa. Nimeanza na kelele.

Vitanda vya mfumi mia tatu katika ukumbi mmoja,
chuma kikigonga chuma tangu saa kumi na moja alfajiri,
vumbi la pamba likitua kwenye nyusi
hata msichana wa miaka kumi na saba akafanana na bibi yake.
Hapo ndipo nilipozaliwa. Łódź, zamu ya kwanza.

Tulizungumza kwa midomo, bila sauti.
Umbea wote wa mtaa ulipita pale na halikusikika neno:
nani ana mimba, nani kapigwa, nyama imefika duka gani.
Hadi leo, ndani ya tramu,
nawasoma watu midomo kwenye kioo
na kushuka nikijua nisiyoyauliza.

Alhamisi tunakutana orofa ya pili ya maktaba,
wazee saba na birika moja.
Zenon, dereva wa tramu miaka thelathini na moja,
ameandika kurasa arobaini juu ya goti lake;
juu ya mkewe, hata nukta.
Wiesława ameyamaliza maisha yake kwa ukurasa mmoja.
“Mengine,” alisema, “yalikuwa kufua.”
Ignacy, mwalimu, kijana mwenye ndevu kama za kuazima,
hutuambia vitukuu watatushukuru.
Vitukuu! Wangu bado yuko tumboni, huko Bergen,
na lugha atakayoisoma siwezi hata kuisalimia.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari ninalo, la hesabu za kiwanda. Nililiokota
siku walipong'oa mashine kuziuza kama vyuma chakavu.
Lina safu mbili, Iliyoingia na Iliyotoka,
nami naandika nikizikatiza.
Nimeandika njaa. Nimeandika harusi,
na bata tuliyemla kabla ya kumlipia.
Nimeandika Mieczysław alivyokufa
akiuliza kama dirisha limefungwa.
Yote yalitoka kama uzi usio na fundo.

Kisha nikafika kwenye gauni.

Unalijua, Kornelia. Mama yako alilitia kwenye fremu.
Watoto kumi na wanne wa ukoo huu wamebatizwa nalo,
kila mmoja akilia, na kila mara mtu akisema:
tazama mshono, tazama mikono ya Bibi.
Mwezi wa sita litashushwa ukutani, lipande ndege.

Mshono ni wangu. Kitambaa ni cha kiwanda.
Mita mbili na robo, nilizozungusha kiunoni
chini ya aproni, nikapita langoni nimebana pumzi.
Jumatatu msimamizi aliuliza ni nani.
Mashine zilikuwa zimezimwa.
Kwa mara ya kwanza mle ndani nilisikia viatu vyangu.
Halina ndiye aliyekuwa na zamu ya kupima.
Alikuwa na watoto wawili, na baba asiyetoka kitandani.
Nilimtazama. Midomo yangu ilikuwa imefungwa.
Alisoma hata hiyo.

Hakuiona chai ya saa nne.

Niliandika hayo kwa penseli. Nikayafuta.
Nikayaandika tena, nikayafuta, karatasi ikaota manyoya.

Alhamisi iliyopita zamu ya kusoma ilikuwa yangu.
Nikasimama, nikafungua daftari, sauti ikakataa.
Basi nikasoma kama zamani, midomo mitupu.
Ignacy akanisogezea maji.
Zenon akagonga-gonga kisikizi chake,
akidhani betri imekwisha.

Wiesława peke yake aliacha kukoroga chai.
Ukumbi wa nne, zamu ya pili, miaka kumi na tisa:
hilo hakuliandika kwenye ukurasa wake, nami nilikuwa nimelisahau.
Alinisoma hadi mwisho.
Kisha, bila sauti naye:
Hujaandika jina lake lote.
Akanisukumia kalamu yake, ya wino.

Halina Pietrasik.

Kornelia, gauni lifuliwe kwa maji baridi.
Lakini kabla hujalilowesha,
soma hapa. Halafu uamue mwenyewe.